Mtutu wa inchi 26 uliolaumiwa bure: uchambuzi wa kisa cha bunduki ya .375 H&H, Dar es Salaam

Usuli

Bunduki yenyewe ni ya bolti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu), kaliba .375 H&H, mali ya mwindaji bingwa anayefanya kazi na kampuni ya uwindaji wa kitalii yenye ofisi Dar es Salaam. Jina lake, la kampuni na namba za silaha zimeondolewa. Kaliba hiyo ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na nchini ndiyo kiwango cha chini kwa wanyama hatari kama mbogo na tembo. Kwa hiyo bunduki ya namna hii haiko kambini kwa maonyesho. Mtalii akijeruhi mbogo, hii ndiyo inayoingia kichakani kumfuata.

Mwenye bunduki aliileta karakana mwezi Aprili na malalamiko mawili aliyoyafunga pamoja. Kwanza, mtutu ni mrefu mno: unagonga mlango wa Land Cruiser, unanasa kwenye matawi, na ukibebwa begani ncha inachungulia juu ya kichwa. Pili, bunduki imeacha kupiga panapolengwa. Misimu mitatu nyuma ilikuwa inaweka risasi tano ndani ya kifuniko cha chupa ya maji ya lita 12, sasa zinatapakaa kama mtu katupa mchele. Hukumu aliyokuja nayo ilikuwa moja tu: mtutu mrefu unayumba, ukatwe hadi inchi 18.

Lalamiko la kwanza lilikuwa la kweli. La pili pia lilikuwa la kweli. Uongo ulikuwa kwenye kamba iliyoyafunga.

Ukaguzi wa kwanza

Mteja alisema mtutu ni wa inchi 24. Haukuwa hivyo. Wengi hupima kwa nje, kuanzia pale chuma kinapotokeza kwenye kitako, na urefu wa mtutu haupimwi hivyo. Hakikisha bunduki haina risasi, kwa jicho na kwa kidole, funga bolti, ingiza kijiti cha mbao kilichonyooka kupitia mdomoni hadi kiguse uso wa bolti, weka alama sawa na mdomo, toa, pima. Kijiti kilisoma milimita 660, yaani inchi 26. Bunduki nzima ilikuwa sentimita 117 kwa urefu na kilo 4.2 bila darubini.

Kabla ya kugusa kitu, ukingo wa mdomo ulichunguzwa. Pale ndipo kichwa cha risasi kinapoagana na chuma. Ukingo ukiwa na jeraha upande mmoja, gesi inavuja upande huo sekunde ndogo kabla ya upande mwingine na kukisukuma kichwa kitako chake kikiwa bado kinatoka. Kipimo chake hakihitaji mashine. Chukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, kiingize kidogo mdomoni, kisha kivute taratibu ukikizungusha kuufuata ukingo. Pamba ilinasa sehemu mbili: nyuzi ziliachwa kwenye kijino kidogo upande wa saa tano, na kwenye vishimo vya kutu upande wa saa saba. Masizi nayo yalisema hivyo hivyo. Kwenye mdomo mzima hukaa kama nyota yenye miale inayolingana, hapa yalikuwa yameegemea upande mmoja.

Kijino kilitokana na mlango wa gari. Vishimo vilitokana na Dar es Salaam. Sefu ya kampuni iko kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20, mita chache kutoka baharini. Bunduki ikitolewa asubuhi na kuwekwa nje kwenye nyuzi 31 za unyevu wa masika, chuma baridi kinatoa jasho kama chupa ya soda, ndani na nje. Nje mtu anapangusa. Ndani hakuna anayepangusa. Kisha bunduki inaingizwa kwenye begi la turubai, mdomo chini, na jasho lote linateremkia ukingoni. Safari ya kambini ni siku nzima.

Kulikuwa na sababu ya tatu. Vijana wa kambi walikuwa wanaisafisha kwa ufito wa vipande vya alumini, wakiuingiza mdomoni. Bunduki ya bolti husafishwa kutoka nyuma, bolti ikiwa imetolewa. Ufito ukipitia mdomoni unasugua ukingo kila unapoingia na kutoka, na alumini laini hukamata mchanga na kugeuka msasa.

Vipimo vya mwanzo

Risasi za .375 si bidhaa ya kuchezea, sanduku moja la 20 linauma mfuko. Zilitengwa risasi 60 za kundi moja la kiwanda, zenye kichwa cha greni 300 (gramu 19.4). Sanduku lilitaja kasi ya futi 2,530 kwa sekunde, sawa na mita 771, kwa mtutu wa kupimia wa inchi 24.

Upimaji ulifanyika kwenye uwanja wa shabaha wenye kibali, saa nane mchana. Bunduki ilikuwa juu ya mifuko ya mchanga, na kipima kasi kilikaa mita 3 mbele ya mdomo kikiwa na vivuli vyake, kwa kuwa jua la utosini huvidanganya vihisi vya mwanga. Zilipigwa risasi kumi kwa makundi mawili ya tano, na mtutu uliachwa upoe dakika tano kila baada ya risasi mbili. Kasi ya wastani ilikuwa mita 778 kwa sekunde. Makundi kwenye mita 100, yakipimwa kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu kwa matundu mawili yaliyoachana zaidi, yalikuwa sentimita 12.6 na 13.4.

Skrubu za kitako zilikazwa kabla, vishikio vya darubini vikakaguliwa, na mpigaji akabadilishwa kwa kundi la pili. Hakuna kilichobadilika. Ushahidi wote ulikuwa unaelekea mdomoni.

Maamuzi na sababu zake

Pendekezo la karakana lilikuwa kufanya kazi kwa hatua mbili: kwanza kusafisha ukingo kwa kuondoa chuma kidogo kadiri inavyowezekana na kupiga tena shabaha, halafu ndipo lije suala la kufupisha. Mteja aliona ni kuzungushwa, kwa nini kukata mara mbili kitu kimoja? Jibu alilopewa ni kwamba ukifupisha na kutengeneza ukingo kwa mkupuo mmoja, bunduki itapona lakini hutajua dawa ipi imeiponya. Alikubali baada ya kuambiwa hatua ya kwanza haitaongezewa gharama.

Inchi 18 zilikataliwa, na si kwa sababu ya kasi peke yake. Kwenye kaliba hii, shinikizo hufika kilele, zaidi ya bar 4,000, kichwa kikiwa kimesafiri inchi chache tu. Baada ya hapo gesi inatanuka na kusukuma kwa nguvu inayopungua, ndiyo maana inchi za mwisho huchangia kidogo kuliko za mwanzo. Kati ya inchi 26 na 22 matarajio ni kupoteza mita 6 hadi 8 za kasi kwa kila inchi. Ukishuka chini ya 20, kila inchi inaanza kuwa ghali zaidi. Hata hivyo mbogo aliye mita 30 hatajua tofauti ya mita 40 za kasi, na anayekwambia vinginevyo anauza risasi. Kilichokataza 18 ni mambo mengine: mlipuko wa mdomo ulio karibu na masikio ya wafuata nyayo, umbali mfupi kati ya vilengeo vya chuma, na bunduki inayokuwa nyepesi mbele kiasi cha kurukaruka mkononi ukihema baada ya kutembea kilomita kumi.

Breki ya mdomo nayo ilikataliwa, ingawa mteja aliiuliza. Breki hupunguza teke kwa kutupa gesi pembeni, na pembeni ndipo anaposimama mfuata nyayo.

Urefu uliokubaliwa ulikuwa inchi 22. Kazi ilifanywa na fundi mwenye leseni ya silaha, baada ya kibali cha maandishi, na urefu mpya kuingizwa kwenye kumbukumbu za leseni. Hapa pasifanyiwe mzaha. Silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na bunduki isiyofanana na karatasi zake ni kesi, hata kama nia ilikuwa njema.

Hatua ya kwanza: milimita nane

Mtutu ulifungwa kwenye mashine ya kukereza na kupangwa kwa kufuata tundu la ndani, sio ngozi ya nje. Hapo ndipo fundi wa kawaida anapokosea, hata awe hodari kiasi gani. Mafundi wa eneo la Gerezani, Dar es Salaam, watakukerezea shafti ya pampu ikae kama ya kiwandani, lakini wao hushika chuma kwa nje, na kwa shafti hilo linatosha. Mtutu hauko hivyo: tundu lake mara nyingi haliko katikati kabisa ya chuma. Ukikereza kwa kufuata nje, ukingo unakuwa na mlalo, na umerudi kwenye ugonjwa ule ule ukiwa na risiti mkononi.

Kipimo cha saa (chenye uso na mshale kama saa) kiliwekwa kwenye matuta ya mifereji inayozunguka ndani ya tundu, na mtutu ukarekebishwa hadi mchezo ukawa chini ya milimita 0.01. Zikaondolewa milimita 8, kina kilichotosha kuvipita vishimo vyote, na ukingo ukakatwa kwa pembe ya nyuzi 11. Pembe yenyewe ni mazoea ya watu. Ukingo bapa uliokatwa vizuri unapiga sawa tu, mradi uwe sawa na tundu pande zote. Pamba ikapitishwa tena, na safari hii haikunasa popote.

Zilipigwa risasi kumi. Makundi yalikuwa sentimita 4.4 na 4.7. Kasi haikupimwa, kwa hoja kwamba milimita nane haziwezi kuonekana kwenye kipimo. Hoja ilikuwa sahihi na uamuzi ulikuwa mbaya, kama itakavyoonekana.

Hatua ya pili: inchi 22

Vilengeo vya mbele vilitolewa, mtutu ukakatwa kwa mashine, ukingo ukatengenezwa kwa utaratibu ule ule. Kipande kilichotoka kilikuwa na uzito wa kama gramu 100. Ni kidogo kusikia, lakini kilikuwa ncha kabisa, na kituo cha uzito cha bunduki kilirudi nyuma karibu sentimita moja na nusu. Urefu wa jumla ulibaki sentimita 107.

Uwanjani ilikuwa saa moja asubuhi. Mlipuko ulikuwa mkubwa zaidi, na risasi ya kwanza ilikifanya kipima kasi kisome hitilafu. Kilisogezwa hadi mita 4.5 kikatulia. Kasi ya wastani ikawa mita 737. Makundi: sentimita 4.2 na 4.6.

Mteja alipoona 737 dhidi ya 778 alishtuka. Mita 41 kwa inchi nne ni zaidi ya 10 kwa inchi, wakati aliambiwa 6 hadi 8. Alikuwa na haki ya kushtuka. Daftari la vipimo lilipofunguliwa, jambo likajieleza: siku ya kwanza risasi zilikaa ndani ya gari juani tangu asubuhi, na ganda lililopimwa kwa bahati tu lilisoma nyuzi 45. Siku ya pili zilitoka kwenye sanduku la baridi zikiwa nyuzi 26. Baruti ikipata joto huwaka kwa kasi zaidi. Kwa baruti za kawaida, nusu mita ya kasi kwa kila nyuzi moja ni makadirio yanayokubalika, na nyuzi 19 zinatosha kuleta mita 10 za uongo.

Risasi kumi nyingine ziliachwa garini hadi mchana, zikapimwa zikiwa nyuzi 44. Wastani: mita 747. Upungufu halisi ukawa mita 31, karibu 8 kwa inchi.

Kwa nishati, ni kushuka kutoka takriban jouli 5,880 hadi 5,420, zote kwa risasi za joto lile lile.

Vilengeo vya chuma

Sehemu hii ilichukua muda kuliko kukata kwenyewe, na watu wengi hawaifikirii kabisa. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ulikuwa milimita 560, ukawa 458. Jicho likikosea nusu milimita kwenye kilengeo cha mbele, kosa kwenye mita 50 lilikuwa sentimita 4.5. Sasa ni 5.5. Kwa mbogo anayekuja inavumilika. Kwa mtutu wa inchi 18, kosa hilo hilo lingefika sentimita 7.

Tatizo la pili ni kwamba mtutu ni mwembamba mbele na mnene nyuma. Kilengeo kilipokalishwa nyuma kidogo, kikasimama juu zaidi kuliko awali. Kilengeo cha mbele kikiwa juu, risasi zinashuka: ziligonga sentimita 5 chini kwenye mita 50. Ncha ya kilengeo ilipunguzwa kwa tupa laini, pasi mbili mbili, huku ikipimwa kwa vernia. Nusu milimita ilitosha kuzirudisha katikati. Zilitumika risasi 8. Hapa tupa haina haraka: ukipunguza mno hakuna wa kukurudishia chuma.

Matokeo

Bunduki ilirudi kwa mwenyewe wiki mbili kabla ya msimu kuanza Julai. Jumla ya risasi zilizopigwa ni 48, na 12 zilizobaki alirudishiwa. Taarifa iliyokuja baada ya msimu ilikuwa na sehemu tatu: haigongi tena mlango, inainuka upesi, na mfuata nyayo mmoja alikataa kusimama kulia kwa bunduki hadi aliponunuliwa viziba masikio. Hilo la tatu lilipaswa kutabiriwa na kuandikwa kwenye makabidhiano. Halikuandikwa.

Ufito wa alumini ulibadilishwa na wa kipande kimoja uliofunikwa plastiki, pamoja na kiongozi cha kuuingizia nyuma. Kuhusu jasho la chuma, utaratibu sasa ni kuitoa bunduki kwenye sefu, kuiacha ndani ya begi lake lililofungwa kwa saa mbili hadi ifikie joto la nje, ndipo begi lifunguliwe. Kisha kitambaa kikavu kinapitishwa ndani, na chenye mafuta kidogo kinafuata. Siku ya kuwinda mafuta hayo yanatolewa, maana mtutu wenye mafuta hutupa risasi ya kwanza kando.

Uchambuzi

Namba zinazobeba kisa hiki ni tatu: sentimita 13, 4.5 na 4.4. Kutoka ya kwanza hadi ya pili palikatwa milimita 8 na bunduki ikapona. Kutoka ya pili hadi ya tatu palikatwa karibu milimita 93 na hakuna kilichoongezeka, maana tofauti ya milimita moja kwenye makundi mawili ya risasi tano ni bahati tu. Hatua hizi mbili zisingetenganishwa, mwenye bunduki angeapa kwa Mungu kwamba mtutu mfupi ndio sahihi zaidi, na angekuwa na karatasi za shabaha za kuonyesha.

Kuna chembe ya ukweli kwenye imani yake ya mtutu "kuyumba". Chuma kirefu chembamba hutetema zaidi. Kwa unene ule ule, ukipunguza urefu, ugumu unapanda kwa mchemraba wa urefu, hivyo inchi 26 kwenda 22 ni ugumu wa karibu mara 1.65. Lakini mtutu wa .375 ni mnene tangu mwanzo, na mtetemo unaojirudia sawasawa kila risasi hautawanyi matundu. Kinachotawanya ni kile kisichojirudia: ukingo wenye jeraha, skrubu iliyolegea, kitako kilichovimba kwa unyevu na kuanza kugusa mtutu.

Kosa kubwa la karakana lilikuwa joto la risasi. Kipimo cha kasi bila joto la risasi kuandikwa ni nusu kipimo, hasa hapa ambapo gari lililoegeshwa juani hugeuka tanuri kabla ya saa nne. Kama kasi ingepimwa pia kwenye hatua ya kwanza, asubuhi, hitilafu ingejitokeza mapema: mtutu wa karibu urefu ule ule ungeonyesha pungufu ya mita 10 bila sababu. Risasi kumi zilizotumika kurudia kipimo zingebaki kwenye sanduku.

Kufupisha kwenyewe kulikuwa sahihi kwa kazi ya bunduki hii, inayopigwa ndani ya mita 80, kwenye vichaka, na mtu anayeshuka garini kwa haraka. Kwa bunduki ya swala tambarare, .30-06 kwa mfano, hesabu za risasi zinakuwa tofauti ila hazitishi: kichwa cha greni 180 kikishuka kutoka mita 823 hadi 795 za kasi kwa kukata inchi nne, ukiwa umelenga mita 100, kwenye mita 200 risasi inadondoka chini zaidi kwa chini ya sentimita mbili. Anayekosa swala hapo alikosa kwa sababu nyingine.

Mwezi Septemba mwindaji mwingine wa kampuni ile ile alileta .458 Win Mag yenye inchi 24, akitaka "ifanyiwe kama ile". Kaliba hiyo ilipotolewa mwaka 1956 kasi iliyotangazwa ilitoka kwenye mtutu wa inchi 26, na bunduki za wawindaji zilikuwa zinatoa pungufu. Si ya kuichezea kwa kukata. Pamba ilipitishwa mdomoni, haikunasa. Masizi yalikaa nyota nzuri. Skrubu ya mbele ya kitako ilizunguka robo mzunguko kwa bisibisi kabla ya kushika. Ilikazwa, zikapigwa risasi tano, na bunduki ikarudi ikiwa na inchi zake 24.